Alikwenda Bama, Akarudi Kulinda Ndege

Kwetu Ifakara neno ng'ambo lina maana mbili, na mtoto wa mjini asipoelezwa mapema atachanganyikiwa. Ng'ambo ya kwanza ni hiyo hiyo mnayoijua nyinyi wa Dar: Ulaya, Marekani, Uarabuni, kule ambako mtu akienda anasindikizwa na ukoo mzima mpaka uwanja wa ndege. Ng'ambo ya pili ni upande wa pili wa Mto Kilombero: Minepa, Lupiro, na kuendelea mpaka unapoanza kuipanda milima ya Mahenge. Bibi yangu akisema "baba alikuwa ng'ambo", inabidi umuulize ipi, kwa sababu baba yake alikwenda zote mbili. Ya kwanza alikwenda mara moja tu, na bunduki. Ya pili alikwenda kila mwaka, na jembe, mpaka alipokufa.

Ndugu msomaji, nilipoanza sikukusudia kuandika makala. Nilitaka riwaya. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja (tuyaache), nikabaki na kaunta buku moja tupu na muda mwingi mno. Nikajisemea, mimi ni kitukuu cha mtu aliyepigana na Wajapani, vijana wangapi wa kitaa wanao utajiri huo? Nikaandika sura tatu za haraka haraka. Katika sura ya kwanza nilimfanya mzee aue Wajapani saba kwa panga, usiku, mvua ikinyesha. Nikaenda kumsomea Bibi pale barazani kwake, anachambua mchele. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Mume wangu," akaniambia, maana kwetu bibi na mjukuu wa kiume utani wao ndio huo, "baba hakuwahi kututajia habari ya kuua mtu. Alikuwa akisema matope. Matope na daraja."

Basi. Matope na daraja. Sura tatu zikaenda kuwashia jiko, nikaanza kutafuta vitabu.

Mambo yalikuwa hivi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na Ifakara ilikuwa sehemu ya wilaya ya Ulanga ambayo boma lake lilikuwa juu huko Mahenge. Bibi anasema baba yake alipanda Mahenge kwa miguu na vijana wenzake, kuandikishwa katika jeshi la KAR, ambalo wazee wetu walilitamka Keya na wakalizoea hivyo. Kama alijitolea au alichaguliwa na jumbe, Bibi hajui. Mzee alikuwa akisema "tulikwenda", kama mtu anayesema tulikwenda kisimani.

Mwaka 1943 Waingereza waliunda Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Humo walikuwamo Wakenya, Waganda, Wanyasa, watu wa Rhodesia ya Kaskazini, na vikosi viwili vya watoto wa Tanganyika, namba 26 na namba 36 vya Keya. Walisafirishwa kwa meli mpaka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kufanya mazoezi ya porini. Kisha mwaka 1944 wakapelekwa Burma. Wazee waliita Bama, nami nitaita hivyo hivyo kwa heshima yao.

Kufika tu kulikuwa bahati. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, ndani yake kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki, manesi, na mabaharia. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Kijapani ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache, na watu karibu 1,300 wakaenda nayo. Wengi wao walikuwa Waafrika wa huku kwetu, watu ambao labda maji mengi waliyowahi kuyaona kabla ya hapo ni ya mto wa kijijini. Ukipita Posta pale Dar utaliona sanamu la Askari na singe yake, limesimama tangu 1927. Watu wengi hudhani ni la askari wote. Hapana, lile ni la Vita Kuu ya Kwanza. Wale wa Khedive Ismail hawamo pale.

Sasa matope. Divisheni ya 11 ilipewa kazi ya kuwafukuza Wajapani kwa kulifuata Bonde la Kabaw, kuanzia Tamu kwenda kusini, na kazi hiyo ilianza Agosti 1944, katikati ya mvua za monsuni. Kwa kawaida majeshi hayapigani msimu huo, yanasubiri jua. Safari hii iliamuliwa yasisubiri. Wazungu waliliita Bonde la Mauti, kwa ajili ya malaria na homa nyingine za porini. Barabara iligeuka uji. Magari yalizama mpaka kwenye ekseli, askari wakakata miti na kuilaza barabarani gogo kwa gogo ili magurudumu yapate pa kukanyagia. Chakula kiliangushwa na ndege kwa miavuli, na mawingu yakiwa mazito ndege haiji, mnalala hivyo hivyo. Waliopelekwa huko walipewa vidonge vya manjano vya mepakrini kila siku kuzuia malaria, mpaka ngozi na macho ya watu yakawa ya manjano. Hilo Bibi analikumbuka katika hadithi za baba yake, eti wazungu wote waligeuka rangi ya papai bivu.

Fikiria mtu wa Kilombero katika hali hiyo. Bonde, milima pande zote mbili, mto mkubwa mbele, mvua, mbu, ruba, matope. Na Bama si nchi ya ugeni kwake hata katika chakula, maana kabla ya vita ndiyo iliyoongoza duniani kwa kuuza mchele nje. Yaani walimtoa mkulima wa mpunga Ifakara, wakamvusha bahari nzima, wakaenda kumwacha katika nchi ya wakulima wa mpunga. Bibi ananiambia mzee alikuwa na msemo wake: masika ya kule ni kama ya kwetu, ila kwetu ukiteleza hakuna anayekupiga risasi.

Hiyo ndiyo habari yote ya vita aliyoiachia familia. Nimeibana sana kumbukumbu ya Bibi na haina zaidi. Kwa mwandishi ni umaskini huo, nakiri. Nilikuwa na wivu na Wakenya, maana kwao alikuwapo Waruhiu Itote, ambaye naye alikwenda Bama na Keya, akarudi akawa Jenerali China wa Mau Mau na akaandika kitabu. Mtu wa namna hiyo wanahistoria wanampenda, na sisi waandishi chipukizi tunampenda zaidi. Anatoka kijijini, anamwona mzungu akilia kwa hofu, anarudi na moto kifuani, anachukua bunduki, hadithi inakwenda mbio yenyewe. Lakini hebu tuhesabu kwa haki. Askari waliorudi Afrika Mashariki walikuwa maelfu kwa maelfu. Wangapi wakawa majenerali wa msituni? Wengi mno walifanya alichofanya mzee wetu. Walishuka garini, wakauliza mvua zimeanza lini, wakaenda shamba. Mtu huyo katika vitabu anapewa sentensi moja, "wengine walirudi vijijini mwao", kisha ukurasa unafunguliwa.

Mimi nataka kubaki kwenye sentensi hiyo.

Kwanza alirudi na nini? Alirudi na koti zito la jeshi, blanketi, nyota ya shaba ya Bama yenye ncha sita, na bahshishi. Nyota ilichezewa na watoto ikapotelea mtoni. Juu ya bahshishi nina neno. Mwaka 2019 waandishi wa habari walichapisha waraka wa zamani wa Kiingereza ulioonyesha malipo ya kumaliza vita yalivyopangwa kwa rangi. Katika majeshi hayo hayo ya Afrika Mashariki, mzungu wa cheo cha chini kabisa alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia. Mwafrika wa cheo cha chini, shilingi 3 na nusu. Chukua kalamu: kwa miaka mitatu, yaani miezi 36, mzungu shilingi 360, Mwafrika shilingi 126. Matope yalikuwa yale yale, na risasi haikuwa na bei mbili. Mzee hakuujua waraka huo, alikufa zamani. Bibi nilimsomea. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ndiyo maana nyumba iliezekwa nyasi."

Alirudi pia na habari ya daraja, na hapa ndipo matatizo yake yalipoanza.

Mwanzoni mwa Desemba 1944 Divisheni ya 11 ilifika Kalewa, mahali ambapo Bonde la Kabaw linaishia kwenye mto uitwao Chindwin. Ni mto mpana, wa kutisha. Askari wa Afrika Mashariki walivuka kwa mashua na kushika ng'ambo ya pili, na nyuma yao wahandisi wa jeshi wakaanza kuunga vipande vya chuma juu ya maboti yanayoelea, kipande kwa kipande, kama mtoto anavyopanga viberiti. Tarehe 10 Desemba magari yalikuwa yanapita. Daraja hilo la Kalewa lilikuwa na urefu wa futi 1,154, karibu mita 352, na wakati ule hakukuwa na daraja la aina hiyo refu kuliko lile popote duniani. Lilijengwa kwa siku chache, Wajapani wakiwa bado hawako mbali.

Mzee aliliona kwa macho yake. Akarudi Ifakara, akasimama ukingoni mwa Kilombero, akakuta mtumbwi ule ule wa gogo na mpiga kasia yule yule. Akawaambia watu kwamba mto kama huu unafungwa daraja kabla hata wiki mbili hazijaisha.

Wakacheka. Vijana wakamtania kwamba Bama kuna pombe kali. Alipozidi kueleza, maboti, vyuma, bolti, ndivyo walivyozidi kuona anatunga. Bibi alizaliwa 1948, na anasema alipopata akili alikuta tayari watu wakitaka kusema jambo ni la uongo husema "hilo ni daraja la Bama". Ikamuuma. Basi akaacha kusema, isipokuwa kwa wanawe, tena usiku, tena dunguni.

Kwa wale wasiojua dungu: ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga, unapanda kwa ngazi ya miti. Na hapa ndipo ng'ambo ya pili inapoanza. Familia nyingi za bondeni nyumba yao iko sehemu moja na shamba liko sehemu nyingine kabisa, mwendo wa saa nyingi, pengine ng'ambo ya mto, kwa sababu ardhi nzuri ya mpunga ni ile inayofunikwa na mafuriko, na huwezi kujenga nyumba ya kudumu mahali ambapo mto unakuja kulala kila mwaka. Miaka ya 1973 hadi 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, na reli ya TAZARA nayo ilipokamilika, watu wengi walikusanywa karibu na barabara na reli. Nyumba zikahama, mashamba hayakuhama. Umbali ukaongezeka.

Kwa hiyo kila mwaka, mvua za kwanza zikinusa, familia inafunga safari. Siyo baba peke yake, ni familia. Mbegu katika gunia, Supa au Shingo ya Mwali, sufuria mbili, chumvi, mafuta ya taa, majembe, kuku watatu miguu imefungwa, chandarua, mtoto mgongoni. (Kwenye chandarua nisimame kidogo. Huku kwetu ndiko walikofanyia kazi watafiti wa malaria, tangu maabara ya Waswisi iliyofunguliwa Ifakara mwaka 1957, ambayo ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Miaka ya tisini waliuza vyandarua vyenye jina la Zuia Mbu. Bibi alikuwa nacho kimoja, kikazeeka, akakifanya chekeche.) Mnavuka mto, mnatembea, mnafika, mnakuta dungu la mwaka jana limelala chini. Mnaanza upya.

Desemba na Januari kulima na kumwaga mbegu. Kisha kupalilia, mgongo umekunjika, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, baadaye magotini. Mpunga ukianza kubeba maziwa, ndege wanakuja. Kwelea kwelea hawaji mmoja mmoja, wanakuja kama moshi, na wakitua kwa nusu saa bila mtu umelima bure. Basi tangu alfajiri mpaka magharibi mtu yuko juu ya dungu na kombeo na vidonge vya udongo, anavuta kamba iliyofungwa makopo, anapiga debe, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Usiku ni zamu ya nguruwe, na karibu na mto ni zamu ya viboko. Watoto ndio walinzi wakubwa wa ndege, na hapo ndipo shule inapopotea. Bibi aliishia darasa la tatu. Hakufeli. Mpunga uliiva wakati wa mtihani.

Baba yake alilinda ndege akiwa amevaa koti la Keya. Lile lile la Bama. Joto la Ifakara si la koti, lakini alfajiri dunguni kuna baridi ya umande, na wenyewe wanasema koti lile halikupitisha mbu. Nilipolisikia hilo kwa mara ya kwanza nikaona aibu kwa panga langu la sura ya kwanza. Shaaban Robert aliandika utenzi mzima juu ya vita hivyo, Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa 1967, na hakwenda vitani hata siku moja. Mzee wetu alikwenda, na hakuandika hata mstari. Alichokifanya ni kuwahesabia wanawe, usiku juu ya dungu, vipande vya daraja la Kalewa kwa kupanga vijiti vya mabua.

Wakivuna, Juni au Julai, safari ya kurudi. Hapo mto ndio mwenye neno la mwisho. Magunia yanavuka kwa mtumbwi, mawili matatu kila safari, na mwenye mtumbwi anakata chake. Upande wa pili mnunuzi anasubiri na lumbesa lake, gunia lililovimba kama mwenye mimba ya mapacha, kwa bei ya gunia la kawaida. Anajua huwezi kurudi nalo ng'ambo. Bibi anasema familia ilipoteza mpunga mwingi mtoni kuliko ulioliwa na ndege, na hasemi habari ya mitumbwi kupinduka tu, anasema habari ya bei. Mtu asiye na daraja anauza pale pale anapotua.

Pantoni ilikuja baadaye, ikasaidia, lakini mto ukifura ilisimama, malori yakapanga foleni, wagonjwa wa Ulanga wakalala ukingoni. Januari 2016 kivuko kilipigwa na upepo mkali wakati kikivuka, kikazama pamoja na magari. Wakati huo nguzo za daraja la zege zilikuwa tayari zimesimama mtoni, unaziona kwa macho. Daraja hilo lilizinduliwa rasmi Mei 2018 na kupewa jina la Rais Magufuli. Lina mita 384.

Mita 384 na mita 352. Nilipoziweka namba hizo mbili juu ya karatasi moja nilikaa kimya muda mrefu. Najua mtaniambia, bwana mdogo, usichanganye mambo, la Kalewa lilikuwa la vita, la muda, la kuelea, na la Kilombero ni la kudumu. Kweli kabisa. Sidai kwamba mwaka 1946 wangetujengea zege. Nadai kitu kidogo tu. Mto wenye upana ule ule ulivukwa kwa siku chache pale ambapo vifaru vilitaka kupita, na ulisubiri miaka 73 pale ambapo kilichotaka kupita ni mpunga na wanawake wajawazito. Na mtu mmoja aliyeviona vyote viwili aliambiwa ni mwongo.

Desemba 2018 nilimsindikiza Bibi shamba. Sisi bado tunalima ng'ambo, robo ya lile la zamani. Tulipanda bodaboda mbili, yeye mbele na mbegu, mimi nyuma na majembe. Katikati ya daraja nikaona pikipiki yake inasimama. Nikadhani ameshikwa na kizunguzungu, umri wa miaka sabini si mchezo. Nikashuka mbio.

Alikuwa ameshika ukingo wa daraja, anatazama chini kwenye maji, kule ambako kulikuwa na mtumbwi. Akaligonga zege kwa kiganja mara mbili, kama mtu anayejaribu tikiti.

"Alisema vyuma," akasema. "Hili siyo la vyuma."

"Lile la kwake lilikuwa la vyuma, Bibi. Nimelisoma."

"Umelisoma wapi?"

"Kitabuni."

"Limeandikwa?"

"Limeandikwa. Mpaka urefu wake."

Akatikisa kichwa. Kijana wa bodaboda akapiga honi, ana abiria wengine wanamsubiri Kivukoni. Bibi akajifunga kanga upya, akapanda, akaniuliza kama nimekumbuka misumari ya dungu. Nilikuwa nimeisahau. Alinisema kuanzia pale mpaka Minepa.